Udongo Nilioumwaga Nyuma ya Jiko

Simu ilinikuta naosha vyombo. Ni kazi ninayoipenda kupita kiasi, na majirani hunicheka kwamba sahani moja naisugua kana kwamba inakwenda chumba cha upasuaji. Sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo mama. Samahani, wewe ndiye yule dada wa vidudu wa Kasulu?" Nikakaa kwenye kigoda na povu mkononi, kwa maana jina hilo sijaitwa tangu nikiwa na miaka ishirini na mitano. Akasema anaitwa Yoweria, ameolewa Kumsenga, upande wa Kibondo, na namba yangu amepewa na bwana shamba wa huko ambaye niliwahi kumfundisha. Halafu akasema, "Mama ametutoka. Tunaondoa matanga Jumamosi ijayo. Aliagiza uitwe." Yoweria nilimjua akiwa bado anabebwa mgongoni, shavu limelala kwenye bega la mama yake, na mama yake kwangu hakuwa na jina lingine ila Mama Yoweria. Nilimwambia nitakuja. Nilipokata simu nililia kidogo, kisha nikaziosha upya sahani zilezile, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo, na sehemu kubwa ya hadithi hii inatokana na tabia hiyo.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, nilipopelekwa Kasulu kuwa msaidizi wa maabara. Neno maabara linakuza mambo. Kilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya magunia, chenye meza ndefu, hadubini moja, friji la mafuta ya taa na dirisha linalotazama vilima. Mimi nilipanga chumba hatua chache kutoka hapo, kwenye ua wa mwanamke mmoja wa Kiha aitwaye Mama Ntakije, mwenye kuku wengi na maneno machache. Kazi iliisha saa tisa alasiri, na kuanzia hapo mchana wa Kasulu ulikuwa mrefu mno. Ukungu ulishuka, moshi wa majiko ukapanda, na kutoka kila ua nilisikia mazungumzo na vicheko vya Kiha ambavyo sikuvielewa. Watu hawakunitenga. Nilipopita walihamia Kiswahili kwa ajili yangu, kama mtu anayevaa viatu mgeni anapobisha hodi, na nilipowapa mgongo nilisikia viatu vinavuliwa. Basi niliosha. Niliosha sakafu, mapazia, kandambili, taa. Siku nyingine niliosha sufuria ambalo sikulipikia. Nilikuwa mpweke hadi nikaona haya kuwa mpweke, na maji yalinipa sababu ya kuonekana nina shughuli.

Kazi yenyewe niliipenda. Uking'oa mharage taratibu utaona vinundu vidogo kwenye mizizi, vya duara, wakulima wengi wakidhani ni ugonjwa. Ndani yake wanaishi bakteria wanaochukua hewa tunayovuta na kuigeuza chakula cha mmea. Ukikipasua kinundu kwa ukucha na ndani kikawa chekundu, ujue wako kazini. Tulitaka kupata bakteria hodari wa vilima vile, tuwalishe kwenye vichupa, tuwachanganye na unga wa mkaa, na mkulima awapake kwenye mbegu badala ya kununua mbolea ya chumvichumvi. Siku hizi jambo hili lina jina zuri, kilimo endelevu, na semina zake zina chai na sambusa. Wakati ule tulisema tu kwamba udongo umechoka. Na ulikuwa umechoka kweli, maana wakimbizi walikuwa wamemiminika kutoka Burundi, kambi zimejaa, na kila mteremko ulilimwa tena kabla haujapumua.

Mkubwa wangu alikuwa Dakta Mbwilo, mtu mrefu, mpole, mwenye kuongea na mimea kuliko na watu. Alikuwa na bahasha yenye kurasa za fotokopi, maandishi ya Mjerumani mmoja aliyepita nchi ya Waha enzi za ukoloni wao akikusanya majani na maua ya kupeleka kwao. Mwezi wa nne tulikwenda Kibondo kumfuata nyuma, yeye na wapagazi wake wakiwa wametutangulia kwa miaka zaidi ya themanini. Tulikaa kwenye nyumba ya wageni, tukala ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka waliokaangwa kwa mawese, na Dakta akanitafsiria ukurasa mmoja huku mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Kwenye kijito karibu na Kumsenga, Mjerumani yule alipata kunde mwitu yenye maua ya zambarau. Aliichora vizuri, kila unyoya wa jani. Pembeni akaandika kwamba mizizi ina uvimbe mwingi unaozuia mmea kulala sawasawa kwenye karatasi, kwa hiyo amewaagiza wapagazi waisugue mtoni mpaka iwe safi.

Tulicheka wote, Dakta mpaka akapaliwa. "Unaona? Ametembea miezi, amebebewa masanduku, amefika penye kitu chenyewe, akaamuru kioshwe." Mimi nilimuuliza wapagazi waliosugua waliitwa nani. Akapindua kurasa, akatikisa kichwa. "Hawamo. Jina lake lipo kwenye kila mmea, yao hayamo." Kesho yake tulikuta kichaka kimoja tu cha kunde ile, kwenye ukingo ambao tayari ulikuwa umeanza kuchomwa ili ulimwe. Tulichukua vinundu vyake kwa vibano, kama tunaotoa mwiba kwa mtoto, na tuliporudi Kasulu vikawa kichupa namba kumi na tisa, cha thamani kuliko vyote.

Mwezi wa nane Dakta akasafiri kwenda masomoni ng'ambo hadi Januari. Aliniachia vichupa thelathini na viwili. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na utando mdogo mweupe juu ya ute mgumu wa mwani, na ute ule ukikauka vijidudu vinakufa, kwa hiyo ilibidi kuvihamishia kwenye chakula kipya kabla ya muda kupita. "Nikirudi nikute hai," alisema, "tuna msimu wa kwanza wa wakulima. Nikikuta vimekufa wataifunga hii stoo, na wewe watakurudisha ulikotoka." Hakusema kwa ukali. Aliniacha na funguo, galoni ya mafuta ya taa na ukimya wa chumba kile. Nilianza kuvisalimia vichupa asubuhi. Nikiri tu, niliviambia hata nilichokula.

Mama Yoweria alitokea wakati wa kuandaa mashamba ya majaribio. Alitoka kambi ya Mtabila kuja kutafuta kibarua cha jembe, mtoto mgongoni, na alikuwa mtu wa kwanza Kasulu kunisalimia bila haraka ya kuondoka. "Bwakeye," alisema, halafu akacheka. "Nimesahau, wewe ni wa Kiswahili." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza njiani, cha Kirundi na cha kambi. Alipoona nang'oa mharage uliobaki shambani na kuchungulia mizizi, alichuchumaa karibu yangu. "Sha," alisema, yaani rafiki, "unatafuta nini chini?" Nikamwambia natafuta vidudu vinavyolisha maharage. Hakushangaa hata kidogo. "Eh, vipo," alisema, kama mtu unayemwambia kwamba sokoni kuna chumvi. Siku za soko alianza kupita kwangu. Tulikaa kwenye mlango wa jiko, nikampa chai, akanisimulia shamba lake la ng'ambo ya mpaka, mteremko wake, maharage ya rangi saba yaliyopandwa pamoja. Hakusimulia usiku waliokimbia, wala sikuuliza. Alinitazama nikisugua kikombe alichonywea akasema taratibu, "Wewe unaosha sana. Nani amekuacha?" Nilimpenda kwa kuuliza.

Mvua za kwanza zilipodondoka alikuja na fundo kwenye pembe ya kitenge. Alilifungua juu ya meza yangu kwa mikono miwili. Yalikuwa maharage ya kila rangi, meusi, ya njano, ya madoa, na kati yake udongo mwekundu mwingi, mlaini. "Za kwetu hizi," alisema. "Nakupa." Nilishukuru sana. Mtu yeyote wa Kasulu angejua kwamba maharage yanayoletwa wakati wa mvua ya kwanza si kitoweo. Mimi niliona zawadi ya chakula kutoka kwa mtu mwenye njaa, na niliona uchafu. Alipoondoka niliyaosha mara tatu. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama chai ya rangi. Nilichambua yaliyokuwa madogo na yaliyopasuka, nikayamwaga nyuma ya jiko pamoja na maji yote na udongo wote, kisha nikayapika yaliyobaki kwa mawese na kitunguu. Yalikuwa matamu. Nilikula peke yangu, nikiwa nimesimama, na nilijiona nimependwa.

Siku ya soko iliyofuata aliniuliza, "Umezipanda wapi?" Nikabaki na birika hewani. Akaeleza bila mimi kumuuliza, kwamba kwao msichana akiolewa mbali hupewa mbegu na udongo wa shamba la mama yake, kwa kuwa shamba jipya halilijui harage, lazima lifundishwe. Alipokimbia alikuwa amefunga mafundo mawili. Mimi, mwenye hadubini, mwenye cheti, niliyemcheka Mjerumani huku nikila migebuka. Ningeweza kusema kweli. Badala yake nilisema, "Nyuma ya jiko." Aliinuka, akaenda kutazama, mtoto akining'inia mgongoni. Alikaa huko kwa muda ambao mimi niliuhesabu kwa mapigo ya moyo. Aliporudi aliketi, akachukua kikombe chake. "Zitaota," alisema. Nikashukuru kwamba ameamini. Kuanzia siku hiyo, kila alipokuja, nilikuwa na mgeni niliyemtamani na niliyemwogopa pamoja.

Labda ndiyo maana nilifanya haraka siku ya kuhamisha vichupa. Kwa kawaida unahamisha vichache, unasubiri siku kadhaa uone vimeshika, vile vya zamani unavitunza. Mimi nilitaka kumaliza. Nilichemsha chakula chao, ili kisibaki na ukungu, kwenye sufuria la presha ambalo mpira wa mfuniko wake ulikuwa umepasuka, nikasikia mvuke unavuja, nikajisemea haidhuru. Nilihamisha vyote thelathini na viwili kwa siku moja. Kisha, kwa kuwa mchana ulikuwa bado mrefu na vichupa vya zamani vilikuwa vimekaa pale na utando wao, niliviosha. Nilivichemsha na sabuni, nikavipanga juani vikimetameta, nikajisikia vizuri. Siku ya nne nilifungua friji nikakuta ukungu wa kijani ndani ya kichupa cha kwanza. Cha pili. Namba kumi na tisa ilikuwa na manyoya ya kijivu mpaka kwenye kizibo. Nilipanda lori la Kibondo, nikaenda hadi kijito cha Kumsenga, na kwenye ule ukingo nikakuta mihogo michanga imepandwa kwa mistari. Nilirudi nimekaa juu ya magunia, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumwambia nilichofanya, kwa sababu mmoja pekee niliyekuwa naye nilikuwa nimeshamdanganya.

Wiki ile ile nilikuta shimo nyuma ya jiko. Lilikuwa dogo, upana wa sufuria, limechimbwa pale nilipokuwa nimemwaga maji, na kando yake miche mitatu ya maharage ilikuwa imeinuka kutoka kwenye yale niliyoyachambua. Nilijua ni kuku. Nilimwendea Mama Ntakije nikamwambia kuku wake wanafukua ua wote na kwamba wengine tuna kazi za maana. Alinisikiliza akipepeta. "Kuku wangu hawachimbi shimo la duara," alisema, akaendelea kupepeta, na hakunisemesha tena hadi karibu na Krismasi. Mama Yoweria naye hakuja soko lile, wala lililofuata. Mwishowe nikasikia wanawake kwenye bomba wakisema kwamba familia kadhaa za Mtabila zimehamishiwa kambi za upande wa Kibondo. Nilisimama na ndoo yangu. Niliuliza kambi ipi, wakatazamana, hakuna aliyejua.

Miche ile sikuigusa. Niliimwagilia tu, kwa adabu, kama mtu anayetembelea kaburi. Mwezi wa kumi na mbili ilipotoa maua niliona jambo la ajabu. Majani yake yalikuwa ya kijani kizito, wakati ua ule ulikuwa kifusi kitupu ambacho hata mchicha wa Mama Ntakije ulitoka wa njano. Nikang'oa mmoja, nikachuchumaa kama alivyochuchumaa yeye. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu vikubwa, vinene. Nilikipasua kimoja kwa ukucha, kikawa chekundu kama nyama. Nililia palepale kwenye matope, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikukimbilia maji. Nilinunua mpira mpya wa presha. Nilifanya kazi polepole, kinundu kimoja kimoja, nikikiosha nje kwa spiriti na kuacha ndani kama kulivyo. Dakta aliporudi Januari alikuta vichupa sita vilivyo hai na mimi niliyekonda. Nilimweleza kuhusu ukungu na presha. Alifungua friji, akauliza hivi sita vimetoka wapi. Na katika daftari, kwenye safu ya asili ya sampuli, nilikuwa nimeshaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Kasulu, nyuma ya nyumba. Sikuandika jina. Kuandika jina kungetaka nieleze udongo ulifikaje pale, na hilo sikuliweza.

Msimu ule wakulima wachache walipaka mbegu zao, na msimu uliofuata wakawa wengi, na stoo haikufungwa. Nilipanda vyeo kwa mgongo wa vichupa vile. Nimesimama kwenye majukwaa nikieleza kisa cha Mjerumani na wapagazi wake, na watu wamecheka penyewe, na kila mara nilipofika pale pa majina yasiyoandikwa nilikunywa maji kwanza. Miaka yote hiyo niliamini jambo moja, kwamba mwanamke aliyekimbia vita na mafundo mawili ya udongo alinipa mimi moja, nami nikalimwaga kama maji ya miguu. Nilimtafuta mara mbili kwenye kambi za Kibondo. Kisha watu wakarudishwa kwao, kambi zikafungwa, nikaacha kutafuta, na kwa kusema kweli nilipumua.

Jumamosi ya matanga nilifika Kumsenga saa nne. Yoweria ana shavu lilelile. Baada ya sala alinishika mkono tukatoka nyuma ya nyumba, mahali ambapo maharage ya rangi zote yalikuwa yamepandwa pamoja kwenye mteremko, yamestawi. Nikaona lazima niseme sasa au nife nalo. Nikamwambia kwamba maharage ya mama yake sikuyapanda, niliyaosha nikayala, udongo nikaumwaga, na nilimdanganya usoni.

"Tunajua," alisema Yoweria. "Mama alikuwa akisimulia. Alisema alipokwenda nyuma ya jiko aliona udongo wetu umelala chini, bado umelowa, na maharage mawili matatu juu yake."

"Kwa nini hakusema?"

"Alisema, yule binti hana mtu, nikimtia aibu hatanifungulia tena mlango." Akang'oa jani lililokauka. "Tulipoambiwa tunahamishwa, alipita kwako ukiwa kazini. Fundo la kwake mwenyewe alilipanda Mtabila, likaenda na mafuriko. Kwa hiyo akachota la kwako, sufuria moja, akaacha palipoota. Nilipoolewa huku akanipa. Ndilo hili shamba."

Nilipiga magoti nikang'oa mharage mmoja, taratibu. Sikuhitaji kupasua kinundu lakini nilipasua, na wekundu ulikuwa uleule. Shimo la duara. Mama Ntakije aliniambia, na sikumsikiliza. Niliomba jina kamili la mama yake, maana kwa aibu yangu sikuwahi kulijua, na Yoweria akalitaja polepole huku nikiliandika. Wakati huo chakula kilikuwa tayari, na mtoto wake wa kike akatufuata na beseni na birika la maji ili ninawe ndani ya beseni. Nikamwambia aache beseni. Nikainyoosha mikono yangu juu ya tuta, akanimiminia hapo hapo, na udongo ukarudi chini.